Mradi wa Forester: spea ya safari ya Iringa

Subaru Forester yangu SG5 ilikuja kutoka Japani na kile kijitairi chembamba cha dharura: usizidi kilomita 80 kwa saa, upepo psi 60. Kwa mjini si mbaya. Ila Desemba tunapanda Iringa familia nzima na mizigo, na pancha ikitukuta mbele ya Mikumi sitaki kuupanda mlima Kitonga kwa kitu kile.

Halafu kuna suala la 4WD. Hii otomatiki inapeleka nguvu magurudumu yote muda wote, kwa hiyo tairi moja likiwa dogo kuliko wenzake, klachi iliyo ndani ya giaboksi inasuguana na kupata joto. Ndiyo maana chini ya boneti kuna sehemu imeandikwa FWD: ukichomeka fyuzi, gari linavutwa na magurudumu ya mbele tu. Nimejaribu, taa yake ikawaka kwenye dashibodi. Basi angalau hilo lipo.

Jumamosi nikaingia Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar, kutafuta ringi. Kijana wa kwanza: "Bro, chukua ya Premio, matundu matano, inaingia yenyewe." Matundu kweli yanalingana, zote ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 100. Tatizo ni tundu la katikati: Premio milimita 54.1, habu ya Subaru (kile kitovu ringi inapokaa) 56.1. Tuliiweka, boliti zikapita vizuri, ringi ikagotea kwenye habu na haikusogea tena. "Tunaikereza, bosi, dakika sifuri." Hapana, asante. Ikikerezwa upande, usukani utatetemeka hadi Iringa. Ya RAV4 sikuigusa kabisa, ile ni 5x114.3.

Duka la tatu au la nne hivi nikakuta ringi ya chuma ya Subaru Impreza, inchi 15. Ilikaa kwenye habu kama ya kwake. Gari langu halina turbo, breki zake si kubwa. Nikalizungusha gurudumu kwa mkono, halikugusa kalipa ya breki popote.

Sasa tairi. Yaliyo kwenye gari ni 215/60R16, kimo milimita 664. Ringi ile ilikuwa imevaa 195/65R15, ambayo ni 634 na kidogo. Pungufu ya sentimita tatu kwa gari hili ni nyingi mno, hata kama kashata zake (meno ya tairi) bado nzuri. Nikapiga hesabu ya 205/70R15 (upana mara asilimia 70, mara mbili, jumlisha ringi): 668. Tofauti milimita nne tu, hata asilimia moja haifiki. Hapo fyuzi ya FWD inabaki kwenye droo.

Kupata saizi hiyo kulinichosha. Sehemu moja waliniletea tairi "jipya" linalong'aa, namba ya DOT, ile ya tarehe ya kutengenezwa, ikaishia 0817. Wiki ya 8 ya mwaka 2017! Nikarudisha. Nililonunua ni la mwaka 2024.

Hali ilivyo leo: spea imelala butini, kibao cha juu kimeinuka kidogo, mke wangu kashalalamika. Nimejaza psi 36, juu kidogo ya mengine, maana spea haikaguliwi kila wiki, nikilifunga nitapunguza. Nati zilezile za Subaru zinatumika. Za Toyota usijaribu, uzi wake ni wa milimita 1.5 na huku ni 1.25, utaharibu boliti.

Bado spana ndefu. Ile iliyokuja na gari ilipinda kwenye nati ya pili.