Farasi kumi wa Altezza ya otomatiki

Jirani yangu hapa Chake Chake, ambaye anataka kuagiza Toyota Altezza RS200 kutoka Japani, aliniuliza kwa nini katalogi inaipa gari ya gia za mkono nguvu za farasi 210 na ile ya otomatiki 200, ilhali zote zina injini ya 3S-GE ya lita 2. Jibu linalosikika sana gereji ni kwamba otomatiki inakula nguvu. Kweli inakula, kwa sababu tokikonvata, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi ya otomatiki, hupitisha nguvu kwa kusukuma mafuta, wala haishiki moja kwa moja muda wote kama klachi, na pampu ya mafuta ya giaboksi nayo huzungushwa na injini muda wote. Lakini hasara hiyo hutokea baada ya nguvu kutoka kwenye injini, na tarakimu za katalogi hupimwa kwenye injini yenyewe. Farasi kumi hao hawakupotea njiani. Waliondolewa kiwandani kwa makusudi.

Tazama mizunguko. Injini ya gia za mkono hufika kilele cha nguvu kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, ya otomatiki kwenye 7,000. Toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya juu kabisa ni ile ile, kilogramu-mita 22, ila kwenye otomatiki inapatikana mapema, mizunguko 4,800 badala ya 6,400. Kwa mtu anayepandisha mlima kutoka bandarini Mkoani akiwa amepakia watu na mizigo, mimi naona msukumo huo wa mapema una faida kuliko farasi kumi ambao hatawafikia ila akikanyaga mafuta mpaka mwisho.

Sababu nyingine inayoweza kufanya gari za otomatiki zipunguziwe nguvu ni uwezo wa giaboksi. Ndani ya otomatiki mna sahani nyembamba za klachi zinazofanya kazi ndani ya mafuta, na zikipewa toki kupita kiasi huteleza, joto likapanda na mafuta yakaungua. Kwa gari za turbo pengo laweza kuwa kubwa: Nissan Silvia S15 Spec-R ilitoka na farasi 250 kwa gia za mkono na 225 kwa otomatiki. Ndiyo maana nasikitika sana ninapoona vijana wanaichezea kompyuta ya injini ili kurudisha kilichopunguzwa, huku giaboksi ikibaki ile ile. Nimeshuhudia fundi akichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi ya gari ya namna hiyo. Mafuta ambayo yangekuwa mekundu yalikuwa meusi, na harufu ya kuungua ilitufikia kabla hajakifuta.

Wala si lazima anayepunguziwa awe otomatiki. Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.8, tangu ilipoboreshwa mwaka 2020, ina toki ya Nm (nyutoni-mita) 500 kwa otomatiki na Nm 420 tu kwa gia za mkono, ingawa kilele cha nguvu ni kilowati 150 kwa zote mbili.