Siku yangu na injini ya jua, Tanga

Saa 12 asubuhi naangalia mawingu upande wa bahari. Vioo vyangu havitaki mwanga uliotawanyika angani, vinataka mwali unaotoka kwenye jua moja kwa moja. Utando mwembamba tu wa wingu, ambao wenzangu hata hawauoni, unaninyima moto. Leo mbingu safi.

Saa 2 nipo Ngamiani kwa mkereza vyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pistoni yako hiyo, ipime."

Injini ninayosanifu ni ya aina aliyoibuni Robert Stirling, mchungaji wa Uskoti, mwaka 1816. Hewa iliyofungiwa ndani hupashwa moto upande mmoja ikatanuka, husukumwa upande wa pili ikapoa na kunywea, na gurudumu likazunguka. Pistoni ikibana, msuguano unakula nguvu. Ikilegea, hewa inavuja. Hii imekaa sawasawa.

Saa 4, Pongwe, kwenye bustani ya mboga ambako injini itapandisha maji ya kisima. Nafuta vumbi kwenye vioo.

Saa 6 mchana ndipo kazi yenyewe. Sahani ya vioo ina kipenyo cha mita 2. Mwali ukileta wati 800 kwa kila mita ya mraba, kichwa cha injini, yaani upande wake wa moto, kinapokea kama kilowati 2 baada ya kiasi kupotea njiani. Kila anayepita huulizia huo moto. Mimi naumizwa kichwa na upande wa baridi! Sadi Carnot, mhandisi Mfaransa, alionyesha mwaka 1824 kwamba kuna kikomo cha sehemu ya joto ambayo injini yoyote inaweza kuigeuza kuwa nguvu, na kinatokana na joto la pande zote mbili. Kichwa kikiwa nyuzi 350 na mapezi ya kupozea (vibati vyembamba vinavyotoa joto hewani) yakifika 60 kwa hewa hii ya pwani, kikomo ni kama asilimia 46. Nikipoza kwa maji ya nyuzi 28, kinakaribia 52. Injini halisi hupata sehemu tu ya hapo, lakini kila nyuzi ninayoishusha ni maji zaidi shambani. Basi maji yanayopandishwa yaizunguke silinda kwanza, ndipo yaende kwenye matuta.

Mama mwenye bustani ana wasiwasi. "Mwanangu, hayatanibabulia mchicha?"

"Hapana, mama." Kilowati moja na nusu ya joto linalobaki ikiingia kwenye lita 25 kwa dakika, maji hayapandi hata nyuzi moja. Akaridhika.

Saa 10 kijana ninayemfundisha ananiuliza kama kuna aliyewahi kumwagilia kwa jua. Yupo: Frank Shuman, mvumbuzi Mmarekani, huko Maadi nchini Misri, mwaka 1913. Vioo vyake virefu vilichemsha maji, mvuke ukaendesha pampu ya maji ya Nile. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vikaja, mradi ukaachwa. Inaniuma kila nikiisimulia.

Saa 2 usiku nachora koti la kupozea, yaani njia ya maji ya kuizunguka silinda. Nimechagua mirija ya shaba, maana maji ya kisima yana chumvichumvi na chuma kingetoboka. Kesho mchoro unaenda kwa fundi friji wa Chumbageni, yeye ndiye hodari wa kuunga shaba.