Nililipa pesa kuendesha baiskeli Uingereza, sasa mdogo wangu anataka kulipisha watu Mombasa

Jumapili iliyopita nimekaa barazani kwetu Majengo, sahani ya mahamri na mbaazi iko mbele yangu, likizo imebakia siku nane nirudi Uingereza, mdogo wangu akaja na simu mkononi akaniambia dada hebu soma hii. Yeye na wenzake wana kikundi cha baiskeli, vijana kama 20 hivi, wanakutana baada ya swala ya alfajiri wanavuka daraja la Nyali wanaenda hadi Mtwapa wanarudi kabla jua halijakuwa kali. Sasa wanataka kufanya msafara mkubwa, Mombasa mpaka Kilifi, kilomita 60 hivi, watu 300, kila mtu alipe shilingi 3,500. "Dada, wewe haya mambo umeyafanya huko, niambie kweli, mtu akilipa hiyo pesa anapata nini?"

Nikamwambia kaa, manake jibu lake si la neno moja.

Wanaonijua wanajua mimi sikukua na baiskeli. Mjomba wangu alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli ya blakmamba, kasha la bati nyuma, kengele unaisikia kabla hajakata kona, na sisi watoto tulikuwa tukigombania kupandishwa pale mbele kwenye chuma. Lakini msichana kuendesha mwenyewe, la, mamangu asingekubali na mtaa mzima ungekuwa na la kusema. Nilijifunza nikiwa na miaka 31, Uingereza, kwa sababu ya kazi tu. Nafanya kazi ya kutunza wazee, shifti inaingia saa moja asubuhi, na Jumapili basi la kwanza linapita wakati mimi nishachelewa. Mwenzangu wa kazini, Mfilipino, alinishikia kiti kwa nyuma ndani ya bustani jioni tatu mfululizo mpaka nikaweza. Kuweza ni jambo moja, barabara ni jambo jingine, mwaka mzima nilikuwa napita njia za ndani tu na gari likija nyuma yangu mabega yananipanda mpaka masikioni.

Halafu mwisho wa Mei 2022 huyo huyo Mfilipino akanichukua London. Kulikuwa na kitu kinaitwa RideLondon, kilianza 2013 mwaka mmoja baada ya Olimpiki, na ndani yake kulikuwa na siku ya barabara za katikati ya mji kufungwa kabisa, magari hakuna, watu wa kawaida wanazunguka na watoto wao, bure. Bure kabisa. Nikaona mabibi wazee, nikaona baba amempakia mtoto kwenye kasha la mbele, nikaona wanawake wenye mitandio kama mimi, kundi zima, nikajisikia koo limekaza.

Mwaka uliofuata nikalipa. Safari hii ilikuwa ile ya masafa, zilikuwepo maili 30, maili 60 na maili 100, nikachukua 60 ambazo ni karibu kilomita 97. Ada nilipoigeuza kwa shilingi nikaona ni zaidi ya elfu 10, nikakaa nayo wiki nzima nikifikiria karo za watoto wa dadangu, mwisho nikalipa, na mpaka leo sijuti hata senti moja. Mnaanzia Victoria Embankment ukingoni mwa mto Thames, mnaachiliwa makundi kwa makundi, mnatoka mjini mnapita msitu wa Epping mnaingia Essex, halafu mnarudi mnamalizia juu ya Tower Bridge. Na barabara yote hiyo ni yenu. Nataka mtu wa Mombasa anielewe hapa. Pande zote mbili za lami ni zako, taa nyekundu haikuhusu, kona unaikata kwa upana wake wote. Sauti unayosikia ni cheni na magurudumu ya mamia ya watu, ile sauti kama rasharasha za mvua kwenye makuti, na kila ukipita kijiji watu wametoa viti nje wanakupigia makofi hawakujui jina. Adhuhuri ilinikuta kwenye kituo cha maji, nikamuomba mama mmoja wa kujitolea aniangalizie baiskeli niswali, akasimama pale kwenye majani kaishika kwa mikono miwili kama amekabidhiwa mtoto, mpaka nikatoa salamu.

Sasa kwa moto ule ule, miezi miwili baadaye nikajiandikisha kwingine, mwandaaji simtaji, pauni 48. Na hapa ndo nilijifunza. Sheria ya kule inabana mashindano ya baiskeli ya barabarani, lazima yapate idhini, lakini misafara ya namna hii haihesabiki kuwa mashindano kwa vile hakuna mshindi, kwa hivyo mwandaaji halazimiki kufunga njia hata moja. Anakodi ukumbi wa kijiji, anafunga mishale kwenye nguzo, anakupa namba yenye chipu ya kupimia muda, anaweka meza mbili za ndizi na biskuti, medali mwishoni, basi. Mshale mmoja ulikuwa umegeuka, nikapotea kilomita 11, nilipofika kwenye meza ya pili nikakuta maganda ya ndizi na ndoo ya maji imebakia robo. Gari moja ya mizigo ilinipita karibu hivi kwamba kioo chake cha pembeni kiligusa mkono wa koti langu. Na hii ndo iliyoniuma zaidi: Jumamosi ya pili yake nikarudi njia ile ile peke yangu, ramani kwenye simu, nikanywa chai na keki za pauni 6 kwenye mkahawa, barabara ile ile, magari yale yale, na pauni 48 zangu nishazitoa kwa kitu ambacho kilikuwa pale siku zote.

Kwa hivyo nikaanza kutafuta wale wanaofanya bila pesa nyingi, na wapo, wengi tu. Kuna watu wa Audax, unalipa pauni chache, unapewa kadi ndogo ya karatasi unagongewa muhuri kwenye vituo, pengine duka, pengine kituo cha mafuta, mishale hamna, njia unaijua mwenyewe. Kilomita 200 unatakiwa umalize ndani ya saa 13 na nusu, huo si mwendo wa kuua mtu. Wazee wa miaka 70 wako humo, na wenye roho ngumu wanaendelea hadi Paris-Brest-Paris, kilomita 1,200 ndani ya saa 90, kila miaka minne.

Na ipo moja ya usiku, inaitwa Dunwich Dynamo, kila Julai karibu na mwezi mpevu. Watu wanakusanyika London Fields jioni ya Jumamosi, hakuna kujiandikisha, hakuna namba, mnaondoka tu, kilomita 180 hivi mpaka ufukwe wa Dunwich mnafika asubuhi. Nilienda na mwenzangu wa Tanga. Saa nane usiku, katikati ya mashamba, giza la kukata kwa kisu, tairi langu la nyuma likapata pancha. Nikapiga magoti pembeni ya njia natafuta mwiba kwa vidole ndani ya tairi, na kila taa iliyokuwa ikipita sauti ilikuwa inauliza uko sawa? uko sawa? mpaka mzee mmoja akasimama akanimulikia kwa taa ya kichwani muda wote bila kusema neno, nilipomaliza kupiga pampu akasema usiku mwema akaondoka. Tulipofika baharini saa kumi na mbili unusu, bahari yenyewe kahawia, ufukwe wa kokoto, na mimi mtoto wa Mombasa nikaivulia viatu kwa heshima zote.

Lakini sitamdanganya mtu, ile ya bure ina gharama yake pia. Ukishindwa njiani hakuna gari la kukuokota, kurudi nyumbani ni shauri yako, na mimi yule wa 2022 mwenye mabega masikioni nisingethubutu hata kwa dakika. Ndiyo maana nikamwambia mdogo wangu, mtu hanunui masafa, masafa ni ya Mungu. Mtu ananunua barabara ifungwe asigongwe, na akianguka kuna wa kumwinua. Hivyo viwili nitavilipia tena na tena. Fulana za misafara ninazo nne, mbili nimewapa watoto wanalalia.

Akanionyesha bajeti yao. Watu 300 mara 3,500 ni shilingi 1,050,000, nyingi hizo. Fulana 1,200 kila mtu, medali 400, hema, mziki, mpiga picha wa droni. Nikatafuta ambulensi sikuiona. Nikatafuta polisi, imeandikwa "tutaongea nao." Nikamuuliza hii barabara ya Malindi unayoijua wewe ni ile ile ninayoijua mimi? Malori, matatu zinaovateki hadi juu ya vumbi, Mtwapa pale foleni haina siku wala saa, boda zinatokea pande zote nne. Nyinyi 20 mmezoeana, mnajua nani anashika breki vipi na nani akiona shimo ananyoosha mkono, lakini katika hao 300 nusu yao baiskeli watakuwa wamekodi siku hiyo hiyo.

"Lakini dada, mbona Cape Town wanalipisha na watu wanajaa?" Ni kweli, wanajaa, makumi ya maelfu kila Machi, kilomita 109 kuzunguka ile rasi, na wamelianza jambo hilo tangu 1978. Lakini kule barabara zinafungwa, hapo ndipo pesa inapokwenda, na 2017 upepo ulipokuwa mkali wakasimamisha shughuli nzima siku hiyo hiyo watu wakiwa wameshajipanga. Nikamuuliza nyinyi mvua ya masika ikiwakuta mko Mtwapa, nani kati yenu ana mamlaka ya kusema basi turudi, ilhali watu wameshalipa? Akanyamaza.

Nikamwambia kabla ya Cape Town angalia Kigali hapo jirani. Tangu 2016 wana siku ya bila magari, siku hizi ni Jumapili mbili kwa mwezi, wanafunga barabara asubuhi watu wanakimbia, wanaendesha, watoto wanajifunza katikati ya lami, na hakuna anayeuziwa tiketi. Mji ule ule 2025 ukapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufika Afrika. Mimi sisemi kimoja kimezaa kingine, nasema wale watoto walioona mashindano yale walikuwa tayari wanajua lami bila magari inafananaje. Mombasa tuna barabara ya Mama Ngina pale, upepo wa bahari, mibuyu, mihogo ya kukaanga iko karibu. Ombeni ile barabara ifungwe Jumapili moja, saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, bure, kina mama na watoto kwanza. Kilifi nendeni baadaye, watu 60 wanaojua baiskeli, walipisheni, na kila shilingi iende kwa ambulensi, gari la nyuma la kuokota waliochoka, na pikipiki za mbele na nyuma.

Hapo ndo sauti ya mamangu ikatoka ndani jikoni, kumbe alikuwa anasikiliza muda wote. "Na umri wangu huu nao unaruhusiwa hapo Mama Ngina, ama ni nyinyi tu?" Mamangu ana miaka 63. Mamangu ndiye aliyenikataza. Nilimwangalia mdogo wangu naye akaniangalia, hakuna aliyejua aseme nini, na yeye mwenyewe akatoka na birika akatumiminia chai akasema mimi nilikuwa nawaogopea magari, sikuwahi kuwa na ugomvi na baiskeli.

Jana usiku kaniletea bajeti mpya. Fulana imekatwa kwa mstari mwekundu, droni imekatwa, ambulensi mbili zimeandikwa juu kabisa, na chini yake "Mama Ngina, bure" pamoja na alama tatu za kuuliza, manake bado hawajui ni ofisi gani inayotia sahihi ya kufunga barabara. Jumatatu wanaenda watatu kuuliza. Mimi Jumatatu nitakuwa hewani. Nimewaachia helmeti yangu, mamangu keshaijaribu juu ya mtandio wake mbele ya kioo, anasema inambana kidogo kwenye masikio.