Walisema joto, nikafaulu kwa barafu

Kila niliyemwuliza pale maabara kwa nini mmenyuko wangu hauanzi alikuwa na dawa moja tu: ongeza joto. Kaka mmoja aliyenitangulia mwaka ndiye alishikilia kabisa: "Mdogo wangu, weka nyuzi 70, kichocheo kitaamka." Kichocheo chenyewe, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko, ni chembe nano (ndogo mno) za dhahabu, kazi yake kusaidia kugeuza nitrofenoli ya njano kuwa aminofenoli, haidrojeni ikitoka kwenye sodiamu borohaidraidi. Sasa, borohaidraidi ikishaingia majini huanza kuoza yenyewe na kutoa mapovu. Ukiipasha moto inaoza mbio zaidi. Yaani haidrojeni yangu inapotelea hewani, halafu naambiwa dhahabu yangu mbovu!

Mimi borohaidraidi naiyeyusha palepale ninapotaka kuitumia, kwenye maji ya barafu yenye tone la sodiamu haidroksaidi. Jiko niliwasha kutengenezea dhahabu tu: asidi ya klorauriki ichemke, tia sitrati, ngoja rangi ya mvinyo mwekundu. Ikibaki bluu, chembe zimegandana; kagua vyombo. Asidi hiyo gramu moja ni laki kadhaa, kwa hiyo mikono isitetemeke.

Spektrofotomita yetu, mashine ya kupima rangi inavyomeza mwanga, taa iliungua, na taa mpya "iko njiani" mpaka leo. Hapo ndipo nilipojivunia akili yangu. Boksi la biskuti, karatasi nyeupe nyuma, balbu ya LED nyuma ya karatasi, glasi ya mchanganyiko katikati, simu mbele inarekodi video. Funga ule ujanja wa simu kujirekebishia mwanga, la sivyo itakudanganya mchana kweupe. Unjano wa nitrofenoli humeza mwanga wa bluu, hivyo kadiri unavyofifia, bluu kwenye picha inapanda. Linganisha na glasi ya maji matupu, piga logi (logarithimu) upate kiasi cha mwanga uliomezwa, kisha piga logi ya kiasi hicho, chora dhidi ya muda. Borohaidraidi ikiwa nyingi mno kuliko nitrofenoli, unapata mstari umenyooka.

Mwanzoni unjano hukaa tu, hautikisiki. Wengi hapo ndipo hukimbilia jiko. Subiri, utaanza kufifia wenyewe. Nimeijaribu hata kwenye beseni la barafu, nyuzi 15, ikaenda, polepole lakini ikaenda. Na "joto la chumba" la kwenye vitabu ni nyuzi 25; chumba cha Dar mwezi wa pili kimeshapita hapo bila jiko.

Chupa ya mabaki usiikaze kifuniko. Mapovu hayajaisha.