Prosesa ya Saba Saba

Simu iliita saa kumi na moja kasoro alfajiri. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 27 Mei 2019, ndani ya mwezi wa Ramadhani, na aliyepiga alikuwa rafiki yetu tuliyezoea kumwita Shekhe. Alikuwa ameamka kula daku. "Amka wewe," akasema, mdomo bado una chakula, "mama anapanda jukwaani."

Mama mwenyewe ni Lisa Su, mkuu wa AMD, kampuni inayobuni prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Jukwaa lilikuwa Taipei, kwenye maonyesho ya Computex, na huko ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi. Nikajifunika blanketi na simu yangu humo humo, maana mwishoni mwa Mei baridi ya Mbeya imeshaanza kuuma, nikaliwasha bando nililolinunua usiku kwa ajili ya saa ile moja tu. Picha ikawa inakwama na kuachia. Kila ikikwama nilimuuliza Shekhe kwa ujumbe amesema nini, naye kila ikikwama kwake aliniuliza mimi. Kwa njia hiyo tukaokota habari yote: prosesa za Ryzen za kizazi cha tatu, za nanomita 7, zinaingia sokoni tarehe 7 Julai. Kubwa kati ya zilizotajwa asubuhi ile ilikuwa na kori 12, yaani vitengo 12 vya kufanya kazi ndani ya prosesa moja, kwa dola 499. Ile iliyonigusa mimi haikupewa muda mrefu jukwaani. Nilikuja kuiona baadaye kwenye orodha: Ryzen 5 3600, kori 6, nyuzi 12 (kila kori inashika kazi mbili kwa pamoja), dola 199.

Nikapiga hesabu palepale gizani. Dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,300. Laki nne na nusu na kitu, kabla ya usafiri na faida ya kila mkono utakaoishika.

Wakati ule nilikuwa nahariri video za harusi na send-off kwenye chumba kimoja pale Mwanjelwa. Mashine yangu ilikuwa ya mtumba kutoka Ulaya, yenye Core 2 Duo E8400, prosesa ya mwaka 2008, kori mbili. Naiheshimu mpaka leo, iliniwekea chakula mezani. Lakini sherehe ya saa mbili nilikuwa naanza kuirenda, yaani kuipika iwe video kamili, jioni na kuikuta bado inatafuna kesho yake mchana. Umeme ukikatika saa tisa usiku, unaanza upya, na bibi harusi anapiga simu kuuliza CD yake.

Kwa hiyo kusubiri kwetu hakukuwa kwa watu wanaotaka tu kitu kipya cha kuonyesha. Fundi wetu wa pale Kabwe, hapo hapo Mbeya, ambaye ndiye aliyetuunganisha, alikuwa na maelezo yake aliyopenda kuyarudia huku ameshika bisibisi. Tangu mwaka 2007, alisema, Intel, mshindani wa AMD, ilipoleta Core 2 Quad Q6600, kompyuta ya mezani ya Intel ya mtu wa kawaida ilifika kori nne ikagoma hapo. Miaka kumi! Ukitaka zaidi, unaingia kwenye mazabodi, zile bodi kuu za kompyuta, za bei ya kiwanja. Mpaka Machi 2017 AMD walipoleta Ryzen ya kwanza, kori 8 kwenye soketi (kikalio cha prosesa) ya kawaida, ndipo mlango ukafunguka, na kabla mwaka haujaisha Intel nao wakatoa za kori sita. Fundi aliisimulia habari hiyo kama wazee wanavyosimulia mwaka wa mvua nyingi.

Kitu cha pili kilichotufanya tuwe na imani ni soketi yenyewe, AM4. AMD walikuwa wameahidi kuitunza hadi mwaka 2020, maana yake ununue mazabodi leo, prosesa ije kesho, vikutane. Kwa mtu anayenunua kompyuta kipande kimoja kwa kila harusi mbili, ahadi hiyo ina uzito kuliko kasi yoyote. Mwezi wa sita nikatuma hela Kariakoo nikaletewa mazabodi ya B450. Muuzaji alinihakikishia kwa simu: "Itakubali zote bosi, AM4 ni AM4." Nikaiweka juu ya kabati kwenye boksi lake, na mara kwa mara nikawa naishusha, naifungua, naitazama, naifunga. Nilishakariri mahali pa kila tundu.

Saba Saba ile iliangukia Jumapili. Wengine nchini walikuwa na maonyesho yao ya biashara kule Dar es Salaam, na sisi tulikuwa na yetu dukani kwa Fundi, watu wanne kwenye benchi moja: mimi, Shekhe, Fundi, na kijana mmoja mwanafunzi wa chuo cha MUST. Shekhe alishikilia kwamba tarehe ile ilipangwa kwa ajili yetu. Nanomita saba, siku ya saba, mwezi wa saba, na Watanzania tupo mapumzikoni! Vipimo vya kasi vilipoanza kutoka tukawa tunasomeana kwa sauti. Bei ya i5-9600K ya Intel ilikuwa juu ya ile ya 3600, nayo ilikuwa na kori sita na nyuzi sita tu. Kwenye kucheza magemu zilikuwa zinakaribiana, lakini kwenye kurenda, zile nyuzi kumi na mbili zilikuwa zinaonekana wazi. Nilikaa kimya. Nilikuwa naona usiku wangu unarudi.

Prosesa ilikuja wiki ya Nane Nane. Ndugu yake Shekhe anayefuata mizigo Dubai aliibeba, ikashuka Dar, ikapanda basi. Niliipokea usiku, stendi imejaa watu waliokuja kwenye maonyesho ya wakulima pale viwanja vya John Mwakangale. Laki tano na ishirini, mpaka mkononi. Hatukusubiri asubuhi. Fundi alifungua duka saa nne usiku, akanyanyua ule mkono wa soketi, akaiachia prosesa ikae yenyewe bila kuibonyeza, pini zake zote 1,331 zikazama. Akafunga feni, skrubu nne. Akawasha.

Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

Tulihangaika mpaka saa nane. Ile 3600 haiwezi kutoa picha kwenye kioo yenyewe, inataka kadi ya picha, kwa hiyo lawama ya kwanza ikaenda kwenye kadi yangu ya GTX 1050 Ti. Tukaijaribu kwenye mashine nyingine, ikafanya kazi. Tukahamisha RAM tundu hili, tundu lile, moja moja. Tukatoa betri ndogo ya mazabodi, tukairudisha. Mwisho Fundi akaligeuza boksi la mazabodi, akalisoma pande zote sita kwa tochi ya simu, akauliza taratibu: "Stika ya Ryzen 3000 iko wapi?"

Haikuwepo. Mazabodi ilikuwa imetoka kiwandani kabla prosesa haijazaliwa, na BIOS yake, ile programu ndogo ya kuiwasha, haikuijua. Ingeijua kwa kuwekewa BIOS mpya, lakini ili uiweke, mazabodi iwake kwanza, na ili iwake inataka prosesa inayoijua. Zipo mazabodi zenye kitufe cha kuandika BIOS kwa flashi hata kama prosesa haipo. Yangu haikuwa nacho, kwa sababu yenye kitufe ilizidi bei na mimi nilibana. Kilichohitajika ni Ryzen ya zamani ya kuazima kwa nusu saa. Katika watu wote tuliowajua Mbeya, aliyekuwa nayo ni mmoja, yule kijana wa MUST, Ryzen 3 2200G. Chuo kilikuwa kimefungwa. Kijana alikuwa kwao Iringa, na mashine yake iko naye.

Alijitolea kuituma kwa basi. Fundi akakataa. Pini zile ziko kwenye prosesa yenyewe, laini kama nywele, na kifurushi cha basi kinaweza kukaliwa na gunia la viazi. "Mgonjwa ndiye anayepelekwa hospitali," akasema, "hospitali haiji." Jumamosi alfajiri nikapanda basi na boksi la mazabodi mapajani, prosesa kwenye mfuko wa ndani wa koti, kadi ya picha imeviringishwa kwenye sweta.

Uyole, Chimala, Igawa. Kila tuta nililiona mimi kabla ya dereva, nikainua boksi kidogo lisigonge magoti. Bibi niliyekaa naye aliniangalia mpaka Makambako, kisha akauliza kama nimebeba vifaranga. Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Akatikisa kichwa, akanimegea hindi lake la kuchoma, akasema: "Basi shikilia, baba." Mafinga ilikuwa na ukungu, na baridi ilipenya dirishani. Mchana nikashuka Ipogolo, kijana akanipokea, tukapanda daladala kupandisha mjini, kisha Kihesa kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Hicho ndicho kilichokutoa Mbeya?"

Tulitandaza gazeti mezani sebuleni. Fundi alikuwa hewani kwa simu, anatuongoza kama mkunga. "Msivute feni ikiwa bado baridi! Pesti ya kupitisha joto imeganda, itang'oa prosesa na pini zake. Washeni mashine ya dogo dakika kumi ipate joto, kisha zungusheni feni kidogo kidogo, ndipo muinue." Tukafanya hivyo. Ile 2200G ikaingia kwenye mazabodi yangu, na yenyewe ina picha ndani yake, tukachomeka kioo moja kwa moja. Tukawasha. Nembo ikatokea. Mara ya kwanza mazabodi yangu kuonyesha chochote, na mkono wa kijana ukanikamata begani.

Faili la BIOS lilikuwa tayari kwenye flashi. Nilipotaka kubonyeza, kijana akanizuia, akaenda mlangoni kwenye mita ya LUKU. Zilikuwa zimebaki uniti moja na pointi. BIOS ikikatika katikati ya kuandikwa, mazabodi inakufa, hakuna wa kuiamsha tena. Mama yake akasikia tunavyonong'ona. Bila kuuliza akachukua simu, akanunua umeme wa elfu tano, akaingiza tarakimu zote ishirini mwenyewe, kisha akachomoa pasi, akachomoa friji, akazima na taa ya uani iliyokuwa inawaka mchana.

"Sasa endeleeni," akasema, akavuta kiti akakaa nasi.

Kwanza inafuta, kisha inaandika, kisha inahakiki. Mstari wa rangi unasogea asilimia moja moja. Zilikuwa dakika tano hivi. Nakumbuka asilimia 43, kwa sababu ilisimama hapo na nje mtu akaanza kusaga chuma kwa mashine, nikahisi taa imefifia. Mama akatamka jina la Yesu kwa sauti ya chini. Ikafika 44.

Tulipomaliza tukairudisha 2200G kwenye boksi lake kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu haikuwa yangu. Kisha nikatoa 3600 kwenye koti, ina joto la mwili wangu, nikaiachia kwenye soketi kama nilivyomwona Fundi. Pesti kidogo, ukubwa wa punje ya njegere. Skrubu nne. Kadi ya picha. Kijana akaniachia mimi nibonyeze.

Ilichelewa. Ikazima yenyewe, ikawaka, ikazima, ikawaka. Fundi kwenye simu akasema tusiiguse. Halafu herufi nyeupe zikasimama kwenye kioo, AMD Ryzen 5 3600, na namba 6 ya kori zake, nami nikazisoma kwa sauti ili Fundi asikie. Kelele iliyotoka Kabwe ilifanya mama aondoe simu mezani aishike mbali na sikio. Shekhe alikuwa naye pale, hatukujua. Amefunga biashara yake Jumamosi mchana.

"Tuliza kwanza," Shekhe akasema. "Weka simu karibu na feni."

Nikaiweka. Tukanyamaza wote, Kihesa na Kabwe, akawa anaisikiliza inavyozunguka.