Nusu Saa Penye Bomba la Macho

Wakati huo nilikuwa nikifanya utafiti wa shahada ya pili, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupima nitrojeni katika sampuli za udongo na majani. Tulitumia njia iliyochapishwa na mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, mwaka 1883, ambayo maabara nyingi za udongo na vyakula zinaitegemea mpaka leo. Sampuli inachemshwa ndani ya asidi kali ya salfuriki hadi nitrojeni yake igeuke chumvi ya amonia. Kisha unatia kostiki soda nyingi ili amonia itoke ikiwa gesi, unaikamata kwenye asidi ya boriki, halafu unatitreti, yaani unaipima kwa kudondoshea asidi ambayo nguvu yake unaijua.

Kwa hiyo meza yetu ilikuwa na vitu viwili vikali. Asidi kila mtu aliiheshimu. Haikutoka kwenye kabati la kuvuta hewa, haikuguswa bila glavu ndefu na ngao ya uso, na ilipokuwa ikimiminwa watu walinyamaza. Kostiki, au hidroksidi ya sodiamu kama inavyoandikwa kwenye kopo, haikupewa heshima hiyo. Ni tembe nyeupe, hazina harufu, hazitoi moshi, na watu walizichota huku wakipiga soga. Tone lake likigusa kidole, unachohisi kwanza ni utelezi, na utelezi huo ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayogeuka kuwa sabuni. Maumivu huja nyuma. Ndiyo sababu mimi naiogopa kostiki kuliko asidi nyingi: asidi hukuchoma ukaruka palepale, kostiki hukuacha uendelee na kazi.

Myeyusho tuliouhitaji ulikuwa wa asilimia 40, yaani gramu 400 katika kila lita. Kostiki ikiyeyuka hutoa joto jingi, na kwa kiasi hicho, ukizitia tembe zote kwa mkupuo, maji yaliyokuwa ya baridi ya kawaida hukaribia kuchemka. Utaratibu ulikuwa umebandikwa ukutani: maji baridi kwanza, ndani ya bika la plastiki ngumu lililokalishwa kwenye beseni la barafu, tembe kidogo kidogo huku unakoroga, kamwe usimimine maji juu ya tembe, chombo kibaki wazi, na kisifungwe kifuniko mpaka kipoe kabisa.

Siku ile mwenzetu mmoja, kijana aliyekuwa akimalizia shahada ya kwanza, alikuta myeyusho umeisha na mtambo wa kukenekea umeshapata moto. Alikuwa na haraka. Akapima tembe, akazitia zote kwenye chupa ya plastiki, akaongeza maji, akafunga, akatikisa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza nikiandika vipimo vyangu, wala sikumwona. Nilichosikia ni mlio mfupi wa hewa alipoanza kulegeza kifuniko, kisha ukelele wake. Hewa na mvuke vilikuwa vimebanwa mle ndani na lile joto, na kifuniko kilipolegea tu vikakisukuma kile kimiminika nje. Alikuwa amevaa miwani, lakini ni miwani yake ya kusomea, isiyoziba pembeni wala chini. Matone yalipita chini ya fremu yakaingia jicho la kulia.

Fundi sanifu wa maabara, mwanamke mtu mzima ambaye sote tulimwita Mama, hakuuliza chochote. Alimshika mabega akamgeuza, mimi nikamshika mkono, tukamfikisha kwenye bomba la kuoshea macho. Kile kiwango cha Marekani cha ANSI Z358.1, kinachofuatwa na maabara nyingi hata nje ya nchi hiyo, kinataka bomba la namna hii lifikike ndani ya sekunde 10, njia ikiwa haina kizuizi, maji yakiwa vuguvugu na yakiweza kutiririka dakika 15 bila kukatika. Letu lilikuwa hatua chache kutoka mezani. Maji yalitoka safi papo hapo, kwa sababu Mama alikuwa na kawaida ya kulifungua kila wiki na kuyaacha yatiririke mpaka kutu na uchafu uliotuama uishe. Kuna waliosema anapoteza maji.

Kazi ngumu ilianza hapo. Jicho lililoungua hujifunga lenyewe, na nguvu ya kope zinapojibana huwezi kuiamini mpaka uwe umezishika. Mama aliniambia nivae glavu mpya, nitenganishe kope ya juu na ya chini kwa vidole, na nisiachie hata akinisukuma. Yeye akawa anamwelekeza: "Tazama juu, mwanangu. Tazama chini. Haya, kushoto. Kulia." Akarudia na kurudia, maana kostiki hujificha kwenye mikunjo ya ndani ya kope, na maji yasipofika huko inaendelea kula polepole. Akamuuliza kama ana lenzi za machoni. Hakuwa nazo. Koti lake lilikuwa limelowa kifuani bila yeye kujua. Likavuliwa palepale, na shati chini yake, na ngozi ikaoshwa pia.

Mwenzetu mwingine akaja mbio na chupa ya asidi ya boriki, akisema tuikate makali kostiki. Nia yake ilikuwa njema, na darasani hesabu hiyo inakubali kabisa. Mama alimzuia kwa mkono bila kugeuza kichwa. "Maji tu." Asidi na besi kama kostiki zikikutana hutoa joto, na joto lile lingetokea juu ya jicho lenyewe. Isitoshe, nani angepima kiasi sahihi ndani ya jicho la mtu anayetapatapa?

Baada ya dakika chache kijana akatulia. Akasema maumivu yamepungua. "Dada, inatosha sasa, niachie." Na kweli alikuwa anatia huruma: amelowa mpaka kiunoni, anatetemeka, shingo imemkakamaa. Wengine waliosimama karibu nao wakaanza kusema apelekwe hospitali haraka, kwamba tunamchelewesha. Hiyo ndiyo sehemu ya siku ile ninayoikumbuka vizuri kuliko zote, kwa sababu kila kitu kilichokuwa mbele yetu kilitushawishi tuache. Mama alitazama saa ya ukutani, akasema kwa upole lakini kwa namna isiyojibika, "Haijatosha. Gari lije, litatukuta hapa."

Baadaye nilielewa vizuri alichokuwa akipigania. Asidi nyingi zikigusa jicho hugandisha protini za juu, na tabaka hilo lililoganda huizuia kwa kiasi fulani asidi isizame zaidi. (Asidi ya hidrofloriki haifuati kanuni hiyo; hiyo huzama, na ina matibabu yake.) Kostiki haigandishi, inayeyusha. Inageuza mafuta ya utando wa seli kuwa sabuni, inazipita, inakuta nyingine, inazipita nazo. Ndani ya dakika chache inaweza kupenya konea yote, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, na kuingia kwenye maji yaliyo nyuma yake, karibu na lenzi. Na maumivu yakipungua si lazima iwe dalili njema, kwani hata mishipa ya fahamu ya konea ikiungua maumivu hupungua.

Tuliosha nusu saa nzima. Njiani tukaendelea kummiminia maji ya chumvi kutoka kwenye chupa za huduma ya kwanza, na mmoja wetu alibeba karatasi ya taarifa za usalama ya kostiki ili daktari asipoteze muda kutuhoji. Swali la kwanza la daktari lilikuwa tulianza kuosha lini na kwa muda gani. Kisha akagusisha ndani ya kope ya chini kipande cha karatasi ya pH, inayoonyesha kwa namba kama kitu ni asidi au besi. Machozi ya kawaida huwa karibu na 7. Karatasi ilionyesha bado iko juu ya 8, baada ya maji yote yale. Nilimtazama Mama, alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyelitarajia hilo. Wakamtia dawa ya ganzi, wakatundika dripu ya maji ya chumvi, wakaosha tena mpaka karatasi ikaonyesha 7, wakangoja kidogo, wakapima upya, kwa kuwa kostiki iliyojificha ndani ya tishu huweza kuvuja na kupandisha kipimo.

Ndipo wakamtia rangi ya floresini na kummulika kwa taa ya buluu. Sehemu ya konea iliyochunika iling'aa kijani. Daktari alikagua kwa makini zaidi ule ukingo unaozunguka konea, akafurahi kuuona mwekundu. Sikuwa najua hilo: jicho la kuogopwa baada ya kuungua na besi kali kama kostiki ni lile linalobaki jeupe pe, kwa maana mishipa ya damu ya ukingoni imekufa, na seli zinazoizalisha upya ngozi ya konea hukaa hukohuko.

Kijana alipewa dawa ya kuzuia maambukizi na akatakiwa kurudi kliniki kila siku mpaka konea ijifunike. Ilijifunika. Uwezo wake wa kuona ulirudi, na hakubaki na kovu la kumzuia kusoma. Maabara ikaanza kununua myeyusho wa asilimia 40 ukiwa tayari umetengenezwa, na miwani ya kuziba ikawekwa mlangoni badala ya kufungiwa kabatini. Mama aliendelea kulifungua lile bomba kila wiki, na sasa alikuwa na foleni ya wanafunzi waliotaka awaonyeshe jinsi ya kuzishika kope za mtu bila kuziachia.