Jiwe la Njano la Chemtou

Dinari 80! Ndizo alizonitoza dereva wa teksi kutoka Jendouba hadi Chemtou, mwendo wa kilomita 20 hivi, na alipokwisha kuzitia mfukoni akageuza gari akaondoka. Tulikuwa tumekubaliana kwenda na kurudi.

Kilichonifikisha huko kaskazini-magharibi mwa Tunisia ni sakafu. Mwaka jana nilikuwa Roma, nikalipa yuro 5 kuingia Pantheon, hekalu la kale la Warumi. Watu wote walitazama juu kwenye tundu la kuba. Mimi niliinamia marumaru ya njano iliyo chini, nikaambiwa imetoka Afrika, kwenye machimbo ya Chemtou, nchi ya Wanumidia, watu wa kale wa Afrika Kaskazini. Tangu siku hiyo sikutulia.

Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe, nina hasira na kiu, aliponikuta mzee mchunga kondoo. Nilimsalimu kwa Kiarabu cha madrasa, akacheka kwa furaha, akanigawia mkate na zeituni. Kisha akanishika mkono tukapanda kilima.

Machimbo yale ni kuta zilizokwenda wima, zina alama za sululu mstari kwa mstari, utadhani mafundi wametoka kula. Lakini rangi siioni! Mwamba wote umepauka. Mzee akafungua chupa, akaumwagia maji. Papo hapo ikachomoza njano ya kiini cha yai la kienyeji, na mishipa myekundu iliyokolea. Ni lile lile la Pantheon. Nililipapasa mpaka likakauka na kupauka tena.

Zama za makaisari, mabonge yalipigwa chapa ya jina la mtawala na namba ya chimbo, yakaburutwa milimani hadi bandari ya Tabarka. Kwa hiyo jina la Kaisari Hadrian tunalisoma mpaka leo. Waliochimba walikuwa watumwa na wafungwa, na pale chini kuna magofu ya kambi yao. Nilisimama hapo muda mrefu, roho inaniuma.

Mpwa wake mzee alinirudisha Jendouba kwa pikapu, akakataa katakata kupokea hata dinari moja.

Usiku nilimpigia mama, Unguja. Nyumba ya babu pale Mji Mkongwe ni ya matumbawe na chokaa, nimekulia ndani yake. Nikamwuliza mawe yake yalichimbwa wapi, na nani aliyabeba. Akanyamaza kidogo.

"Hayo anayajua bibi yako," akasema. "Rudi upesi umuulize, mwanangu. Siku hizi anasahau."